Msitu wa Kakamega: lipia macho ya mwelekezi kabla ya kulipia kitanda

Wengi wanaotoka Kisumu au Nakuru kwenda Msitu wa Kakamega hufika saa tano mchana, hupigana picha chini ya mti mkubwa, huuliza wanyama wako wapi, kisha saa tisa mvua ya radi huwarudisha garini. Nyumbani husimulia kwamba msitu ni mzuri ila hauna kitu. Msitu una vitu vingi mno, lakini vinaonekana kwa masharti mawili: uwe ndani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na uwe na mtu ambaye masikio yake yanaujua. Vitanda, chakula na barabara tutavipima pia hapa, ila kwa kipimo hicho kimoja: je, vinakusaidia kutimiza masharti hayo mawili au vinakuzuia?

Kwanza uelewe unachokwenda kuona. Kakamega ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha misitu ya mvua ya aina ya Kongo. Zamani misitu hiyo ilikaribiana. Leo Kakamega imebaki kisiwa katikati ya mahindi, miwa na majani chai, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hadi 1,600, ikipata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ndiyo maana kuna ndege na vipepeo ambao ndani ya Kenya huwapati kwingine. Eneo lililotangazwa kisheria ni kama kilomita za mraba 240, lakini miti ya asili inafunika chini ya nusu ya hapo. Sehemu nyingine ni miti iliyopandwa, vichaka na nyasi. Kumbuka jambo hili, maana matembezi yakipita kwenye misonobari na misaipresi iliyopandwa kwa mistari, utatembea saa nzima usisikie mlio.

Msitu ulianza kukatwa mapema. Wamishonari wa Quaker walifika Kaimosi, kusini mwake, mwaka 1902, na misheni yao ilikuwa ya kazi za mikono pamoja na injili. Mbao zilikuwa sehemu ya kazi hizo. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wa hifadhi, na katika miaka hiyohiyo ya 1930 dhahabu ikawaleta wachimbaji wazungu kwa mamia. Jina la Rosterman, pembeni mwa mji wa Kakamega, limebaki kutoka enzi hiyo. Migodi ilihitaji miti ya kushikilia mashimo na kuni. Baadaye vikaja viwanda vya mbao vilivyochagua miti mikubwa mmojammoja. Ukikuta mti mnene kama nyumba ukiwa peke yake kati ya miti membamba, unatazama uliosazwa.

Hatua za kuulinda zilikuja kidogokidogo. Hifadhi ndogo za Yala na Isecheno zilitengwa mwaka 1967. Mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, Buyangu pamoja na kipande cha Kisere, ikawa Hifadhi ya Taifa yenye kilomita za mraba takriban 45. Mwaka uliofuata ulianza mpango wa Nyayo Tea Zones, wa kupanda ukanda wa chai ukingoni mwa misitu ili shamba lisiendelee kula msitu. Ukifika upande wa Isecheno utapita kwenye chai hiyo kabla ya kuingia kivulini. Mwaka 1995 waelekezi vijana wa Isecheno walianzisha KEEP, mpango wa kufundisha mazingira kwa watoto wa shule za jirani. Mpango huo ndio mzizi wa utamaduni wa waelekezi wa kusini, na unauona katika namna wanavyofundisha: hawakutajii jina la mti tu, wanakueleza bibi zao waliutumia kwa nini.

Kaskazini au kusini

Hapa ndipo pesa za wageni hupotea. Msitu ni mmoja lakini wenye kuusimamia ni wawili. Kaskazini, Buyangu, ni chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kusini, Isecheno, ni chini ya Huduma ya Misitu, KFS. Tiketi ya upande mmoja haikuingizi upande mwingine, na malipo ya mwelekezi ni tofauti na kiingilio pande zote mbili. Buyangu hailipwi kwa noti mkononi. Unalipa kupitia eCitizen, jukwaa la serikali la malipo ya mtandaoni. Fanya malipo hayo ukiwa mjini Kakamega wenye mtandao mzuri, na ubebe kitambulisho cha taifa, la sivyo huwezi kuthibitisha kwamba unastahili bei ya mwananchi. Viwango vya KWS hubadilishwa, kwa hiyo visome kwenye tovuti yao wiki hiyohiyo unayosafiri wala usitegemee ulichoambiwa na aliyekwenda mwaka juzi.

Kwenda kusini kutoka Kisumu, panda matatu ya Kakamega, mwendo wa kilomita kama 50 hadi mjini, lakini wewe shuka Khayega kabla hujafika. Hapo utapata boda boda kupitia Shinyalu hadi Isecheno. Kaskazini, pitiliza hadi Kakamega, kisha panda gari la Webuye au Malava na ushuke kwenye bango la Buyangu, karibu kilomita 18 kutoka mjini. Kutoka lami hadi getini unaweza kutembea kwa miguu. Usidhani kwamba ukishafika upande mmoja utakatisha msituni ufike wa pili: barabara inazunguka kupitia mjini, na uhamisho huo hula zaidi ya saa moja.

Ukilazimishwa kuchagua upande mmoja kwa mara ya kwanza, chagua Isecheno. Sababu ni kima. Watafiti wamekuwa wakifuatilia kima wa Isecheno tangu mwaka 1979, kazi ambayo kwa miongo mingi imeongozwa na Marina Cords, kwa hiyo vizazi kadhaa vya wanyama hao vimekulia mbele ya watu wenye daftari. Hawakimbii. Kima na jamaa yake mwenye mkia mwekundu, yule wa doa jeupe puani lenye umbo la moyo, mara nyingi huenda pamoja kundi moja, na unaweza kukaa chini ukawatazama kwa nusu saa wakila matunda. Kaskazini utawaona pia, ila kwa mbali zaidi na kwa haraka.

Buyangu nayo ina ubora wake. Kaskazini ndiyo iliyo karibu na Kisere, kipande cha hekta mia nne na ushee kilichojitenga, na hapo wanaishi kima wa De Brazza, wenye ndevu nyeupe na kipaji cha rangi ya machungwa. Hawa hawapigi kelele. Wakihisi hatari huganda juu ya tawi, wakati mwingine kwa muda mrefu kuliko subira ya mgeni. Hukaa karibu na maji, kwenye matawi ya chini. Kumpata ni kazi ya mwelekezi aliyekwenda huko wiki hiyo, kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza ni hili: mara ya mwisho uliwaona lini, na wapi? Akijibu kwa kutaja mto na mti, mwajiri. Akijibu kwamba wapo tu, tafuta mwingine.

Mlima wa Buyangu unapandika kwa mtu yeyote asiye na tatizo la magoti, na ukiwa kileleni unaona paa la msitu lote hadi ukuta wa milima ya Nandi upande wa mashariki. Kusini, kilima cha Lirhanda kinafanya kazi hiyohiyo. Cha Lirhanda ni kizuri zaidi alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti, lakini unahitaji kuondoka kitandani saa kumi na moja. Maporomoko ya Isiukhu, kaskazini, si marefu. Nenda kwa ajili ya njia ya kando ya mto, na mvua ikiwa imenyesha usiku utegemee maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Lirhanda ina handaki la enzi za dhahabu, na ndani kuna popo. Wageni hupenda kuingia. Ushauri wetu ni kuishia mdomoni. Handaki la zamani halina mtu anayekagua paa lake, na popo wa mapangoni ni wa kuheshimiwa: wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, mwaka 1980 na mwaka 1987, walikuwa wametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon, si mbali na hapa. Usiguse kuta, usishike mavi ya popo, na watoto wabaki nje.

Saa, na kwa nini saa

Mbega huamka kwa kelele. Kabla jua halijachomoza dume mmoja hunguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka, wa bonde la pili humjibu, na ngurumo husambaa msitu mzima. Wakishamaliza hupanda vileleni kuota jua, kwa sababu majani wanayokula yanachacha polepole tumboni na usiku umekuwa wa baridi. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi tazama vilele vinavyopigwa na jua upande wa mashariki: manyoya meupe mgongoni yatang'aa. Saa sita wameshaingia kivulini kulala, na unaweza kupita chini ya familia nzima usijue. Muombe mwelekezi akuoneshe mkono wa mbega kwa darubini. Hauna kidole gumba.

Ndege ni hivyohivyo. Orodha ya msitu inazidi spishi 300, lakini katika msitu mnene unasikia kumi kabla ya kumwona mmoja. Turako mkubwa wa buluu, ndege wa urefu wa sentimita 70 hivi, hukimbia juu ya matawi kama kuku aliyetoroka kabla ya kuamua kuruka, na mlio wake unaokwaruza hukufikia mapema. Hondohondo weusi-na-weupe utawajua kwa sauti ya mabawa: yanavuma. Jike wa hondohondo hujifungia ndani ya shimo la mti kwa ukuta wa udongo, akabaki na ufa tu wa kupitisha mdomo, na dume hulisha familia yote hadi makinda yakomae. Shimo la ukubwa huo linapatikana kwenye mti mzee peke yake, kwa hiyo kila mti mkubwa uliokatwa ni nyumba moja ya hondohondo iliyokwenda.

Vipepeo wanavunja kanuni ya alfajiri. Wao wanataka jua, na wakati wao ni saa nne hadi saa saba. Usiwatafute ndani ya msitu. Simama kwenye barabara ya murram inayokatiza msitu, penye matope ya mvua ya jana. Madume hukusanyika hapo kwa makumi kunyonya chumvichumvi. Sogea ukiwa umechuchumaa, kivuli chako kisiwapite, na watabaki. Ratiba nzuri basi ni hii: ndege na mbega mapema, chai, kisha vipepeo barabarani, na uwe chini ya paa ifikapo saa nane.

Mvua ndiyo inayoweka mpaka huo. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani hupanda kuelekea milima ya Nandi, joto la mchana likaiinua, na alasiri inashuka kama radi, mara nyingine na mvua ya mawe. Aprili na Mei ni miezi mizito zaidi. Agosti na Septemba mvua huongezeka tena. Desemba hadi Februari ni pakavu kuliko miezi mingine na njia hazitelezi. Miezi ya mvua haifai kukataliwa kabisa, kwa kuwa asubuhi zake mara nyingi ni angavu na msitu umejaa maua na matunda. Kinachokushinda ni boda boda kwenye udongo mwekundu saa kumi jioni.

Mwelekezi mzuri, na namna ya kumjua

Mwelekezi mzuri husimama mara nyingi. Ukimwona anaongoza kama anayewahi basi, umepata msindikizaji. Kwa saa tatu mnapaswa kwenda kilomita mbili au tatu, si saba. Kundi lisizidi watu sita, kwa sababu kwenye njia nyembamba mtu wa saba anaona migongo tu. Mkiwa kumi na wawili lipieni waelekezi wawili, muende njia tofauti. Kabla ya kuondoka kubalianeni mambo matatu kwa sauti: bei ni kwa mtu au kwa kundi, ni kwa saa ngapi, na njia ipi. Sema wazi kwamba unataka msitu wa asili wala si wa kupandwa.

Muulize kuhusu mti wowote. Anayejua atakupa jina la Kiluhya, ataeleza gome lake na nani anakula matunda yake. Mugumo ni mtihani mzuri: mbegu yake hudondoshwa na ndege kwenye tawi la mti mwingine, mizizi inashuka hewani hadi ardhini, inanenepa, inaungana, na baada ya miaka mingi mti uliobeba mgeni unaoza ndani, mugumo ukabaki na uwazi katikati kama kinu. Prunus africana ni mtihani wa pili. Gome lake linatafutwa duniani kwa dawa za tezi dume, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 1995. Gome likibanduliwa kuzunguka shina zima mti unakufa, na mwelekezi mwenye uchungu na msitu atakuonesha kovu bila kuombwa.

Anayewatupia kima ndizi ili upate picha, kataa huduma yake hapohapo. Mnyama aliyezoea kulishwa huanza kunyang'anya, na nyani dume mwenye meno yale si wa kushindana naye kwa ajili ya mandazi. Vilevile anayechezesha sauti ya ndege kwenye simu kila hatua anamchosha ndege anayedhani mpinzani ameingia eneo lake. Mara moja inatosha.

Kuna matembezi ya usiku pia, hasa Isecheno, ya kumtafuta poto, mnyama wa jamii ya komba aendaye polepole kama mtu anayehesabu hatua. Macho yake hurudisha mwanga wa tochi kwa rangi ya machungwa. Funika tochi kwa karatasi nyekundu na usimmulike kwa muda mrefu. Saa hizo mbili za kutembea usiku ni miongoni mwa pesa zinazotumika vizuri zaidi hapa, na wageni wachache sana huziomba.

Vya kubeba

Gambuti ndizo viatu bora kwa miezi ya mvua. Miezi mikavu viatu vyovyote vya kufunika kifundo vinatosha. Sandali hapana. Msituni kuna nyoka wa kifutu aina ya Gaboon, na tabia yake ni kutulia kabisa akitegemea rangi yake ifanane na majani makavu. Hakimbii ukija. Wanaoumwa ni wanaotoka njiani kwenda kujisaidia au kukaa juu ya gogo bila kutazama nyuma yake. Kwa siafu, ingiza suruali ndani ya soksi. Ukisikia wameanza kuuma, usisimame kuwatoa hapohapo, kwa sababu unasimama juu ya njia yao na wengine wanaendelea kupanda. Kimbia hatua ishirini kwanza, kisha uwatoe mmojammoja. Dawa ya mbu ibebe na chandarua ukiulize kabla ya kulipia chumba, kwani mwinuko huu hauzuii malaria.

Darubini ni kitu cha pili baada ya mwelekezi, na hapa watu hununua isiyofaa. Ndogo ya maduka ya mjini inayovutia kwa namba 10x25 itakupa giza. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza: 25 kwa 10 ni 2.5, yaani mwanga unaofika jichoni ni duara la milimita mbili na nusu. Ya 8x42 inakupa zaidi ya milimita tano, na chini ya miti ambako mwanga ni hafifu hiyo ndiyo tofauti ya kumwona ndege na kuona kivuli chake. Isitoshe 8x haitetemeki sana mkononi. Kama huna, muulize mwelekezi wakati wa kuagiza, si asubuhi ya safari.

Malazi na chakula, kwa ufupi

Kaskazini kuna Udo's, banda za duara za kuezekwa nyasi na uwanja wa mahema, zilizopewa jina la mtafiti wa ndege Udo Savalli, na nyumba ya wageni ya KWS iitwayo Isukuti. Ni malazi ya kujipikia: beba mchele, mafuta, kiberiti, mshumaa na maji ya kunywa kutoka Kakamega. Kusini kuna nyumba ya zamani ya mbao juu ya nguzo, banda za jamii, na Rondo Retreat, kituo cha Kikristo kilichozaliwa kutokana na nyumba ya mwenye kiwanda cha mbao ya miaka ya 1940. Rondo ni ya bei ya juu kuliko zote, na bustani yake imepakana na msitu hivi kwamba unaweza kuona ndege ukiwa na kikombe mkononi. Ni mahali pa utulivu. Usije na pombe wala spika.

Maoni yetu: ikiwa bajeti inatosha ama chumba kizuri bila mwelekezi, ama banda ya kawaida na waelekezi wa asubuhi mbili na usiku mmoja, chukua ya pili bila kusita. Cha muhimu kwa malazi ni umbali. Anayelala mjini Kakamega ili apate maji ya moto hufika msituni saa mbili na nusu, mbega wakiwa wanateremka.

Kuhusu chakula, agiza kuku wa kienyeji, ugali na mrenda au saga siku moja kabla. Kuku huyo hapikwi kwa nusu saa, na ukimwagiza ukiwa na njaa utamla saa kumi.

Kinachokosekana

Watafiti wa Ujerumani waliujua msitu huu vizuri. Mradi wa BIOTA uliofadhiliwa na serikali yao ulifanya kazi hapa kuanzia 2001 hadi 2010. Kati ya waliyoyaeleza ni kwamba mpera, mti wa kuletwa ambao wengi tunauona adui, ukisimama peke yake shambani huwavuta ndege wa msituni, nao hudondosha chini yake mbegu za miti ya asili. Mkulima jirani na Buyangu anayeacha mpera mmoja anaotesha msitu bila kujua.

Kwao Wajerumani wana Schwarzwald, eneo la misitu ambalo watu hulijaza kila likizo, na kuna jambo la kuiga huko. Njia ya Westweg, ya kilomita takriban 285 kutoka Pforzheim hadi Basel, imewekewa alama tangu mwaka 1900: msambamba mwekundu kwenye mti, jiwe au nguzo, ukitunzwa na chama cha wapenda msitu kilichoanzishwa mwaka 1864. Mgeni anayelala katika vijiji vingi vya huko hupewa kadi inayompandisha mabasi na treni za eneo hilo bure, kwa sababu gharama imo katika ushuru mdogo wa usiku. Kakamega usitegemee alama za njia, na usafiri kati ya Buyangu na Isecheno ni wa kujitafutia. Rangi na brashi si ghali, na vikundi vya jamii vilivyotambuliwa tangu Sheria ya Misitu ya 2005 vina watu wa kuifanya kazi hiyo. Hata hivyo Schwarzwald isitufanye tujione wanyonge. Miti yao mingi ya asili ilikatwa ikaelea mitoni hadi Uholanzi, wakapanda misprusi, jamii ya misonobari, mahali pake, na tufani ya Lothar ya Desemba 26, 1999 ikaiangusha kwa maelfu ya hekta. Kakamega bado ina miti yake yenyewe, yenye rika zote, na huo ni utajiri ambao alama nyekundu hazinunui.

Nje ya miti

Mapigano ya mafahali ya Shinyalu na Khayega hufanyika Jumamosi asubuhi na mapema, fahali kwa fahali, na huisha mmoja akikimbia. Akikimbia hachagui njia: simama ukiwa na mti mnene kati yako na uwanja, na mtoto umshike mkono. Yanagongana na saa za mbega, kwa hiyo panga msitu Ijumaa na Jumapili. Utasikia Isukuti huko: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, za Waisukha na Waidakho. UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ukicheza, toa chochote kwa wapigaji.

Cha kununua ni mkombero na Naturub. Mkombero ni mzizi wa kutafunwa, mtamu mwanzoni na wenye ukali baadaye. Muulize muuzaji kama umepandwa shambani, kwa kuwa wa porini umechimbwa hadi ukaadimika, na mzizi ukitolewa wote mmea haurudi. Naturub ni dawa ya kupaka ya mafua na misuli inayotokana na mmea wa jamii ya mrihani unaolimwa na kikundi cha wakulima cha Muliru, kilichopata Tuzo ya Equator mwaka 2010. Wakulima hao waliacha kuchuma msituni wakaanza kulima dawa yao wenyewe.

Ukirudi Kisumu, keti upande wa dirisha na umwambie kondakta akushushe Ilesi, kilomita chache tu baada ya mji. Jiwe Linalolia lina urefu wa mita 40 hivi, nguzo yenye kichwa cha mviringo, na mchirizi wa maji unashuka usoni mwake. Dakika ishirini zinatosha, na matatu nyingine itakuja.